Mama kateleza supamaketi kavunjika nyonga, meneja anataka asaini karatasi ya "sina madai". Tufanyeje kisheria?

#1 Binti Mzaramo
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua sheria, na hata wasiojua ila yamewahi kuwakuta.

Mama yangu ni mtu mzima, sitini ameshaivuka. Anapika vitumbua na chapati za oda hapa Dar. Mwanzoni mwa mwezi alikwenda supamaketi moja kubwa kununua unga na mafuta, mdogo wangu akamsindikiza. Kwenye njia ya majokofu ya kuku, jokofu moja lilikuwa linavuja. Wafanyakazi walichana boksi la katoni wakalitandika chini linyonye maji. Boksi likalowa mpaka likawa uji, maji yakatokeza pembeni, na sakafu yenyewe ni yale marumaru ya kung'aa. Mama akakanyaga ukingo wa boksi, likateleza naye, akaangukia ubavu.

Nyonga imevunjika. Kapasuliwa, kawekewa chuma, sasa anajifunza kutembea na fremu. Kibao cha njano cha tahadhari hakikuwepo. Mdogo wangu alipiga picha kwa simu kabla hawajapangusa, na boksi linaonekana vizuri.

Meneja alikuja wodini na matunda na bahasha ya laki tatu. Akatoa na karatasi imeshachapwa: mama apokee hiyo hela "kama malipo kamili" na "hana madai mengine yoyote". Kaka yangu mkubwa anataka mama asaini, anasema tusije tukakosa vyote. Mimi nimezuia, meneja akaondoka na bahasha yake. Gharama za hospitali zimeshaipita hiyo laki tatu mbali sana, na jikoni mama hasimami leo wala kesho.

Hapa kuna kesi? Wa kulipa ni nani? Na wakili tutamlipa nini wakati hela zote zimeishia hospitali?

#2 Kisu cha Mgema
Pole kwa bi mkubwa. Asisaini kitu. Ngoja waje wajuvi.

#3 Ndugu Mtazamaji
Pole dada. Mimi nitasema ukweli hata kama utauma: hiyo ni ajali. Watu wanateleza bafuni kwao kila siku, wanamshtaki nani? Toka nizaliwe sijasikia mtu Tanzania kalipwa kwa kuteleza dukani. Chukueni laki tatu muongeze kwenye dawa. Nenda mahakamani uone utakavyozungushwa.

#4 Jalada Wazi
Ndugu Mtazamaji, kutosikia si kutokuwepo. Kesi nyingi za namna hii zinamalizwa mezani, ndiyo maana huzisikii.

Dada, mimi ni wakili, ila chukulia haya kama maongezi ya jukwaani, jalada lako sijaliona. Madai yenu yanaitwa uzembe. Tanzania Bara hatuna sheria iliyotungwa maalumu kwa ajili ya mwenye duka na mteja aliyeanguka ndani. Tunatumia kanuni tulizorithi kwa Waingereza, ambazo Sura ya 358 ya sheria za nchi inazipokea kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Katika kanuni hizo kuna kesi ya zamani inaitwa Indermaur v Dames, ya mwaka 1866. Fundi wa gesi aliingia kiwanda cha sukari London kikazi, akatumbukia kwenye shimo lisilo na uzio. Mahakama ikasema anayemkaribisha mtu kwake kwa biashara lazima achukue uangalifu kumkinga na hatari isiyo ya kawaida anayoijua au aliyopaswa kuijua.

Shika hayo maneno, "anayoijua". Kesi nyingi za kuteleza hufia hapo, maana duka husema maji yalimwagika dakika hiyo hiyo, hatukujua. Kwenu kuna boksi. Boksi halijitandiki lenyewe. Aliyelitandika aliyaona maji, akaenda kutafuta katoni, akaichana, akailaza, kisha akaondoka akaacha njia wazi. Hiyo picha ya mdogo wako ina thamani kuliko maneno yangu yote. Asiifute, asiihariri, na simu yenyewe asiiuze.

#5 Ndugu Mtazamaji
Wakili, hilo boksi mbona linawasaidia wao? Wameona maji, wamechukua tahadhari. Ulitaka wafunge duka?

#6 Zamu ya Usiku
@Ndugu Mtazamaji nimefanya kazi supamaketi, sitaitaja. Tahadhari ni kuweka kibao, kuziba njia na troli mbili, kuita fundi wa majokofu, na mtu wa mopu akae pale pale. Boksi tunaweka kwa sababu mtu wa usafi ni mmoja na yuko ghorofa ya pili. Kila mfanyakazi anajua boksi likishalowa linateleza kuliko maji matupu. Tulikuwa tunalipita kwa kuambaa ukutani.

Dada Mzaramo, fanya hili kabla ya yote: kamera. Mashine ya kurekodi ikijaa inaandika juu ya picha za zamani. Kwetu ilikuwa haifiki mwezi. Peleka barua leo, taja tarehe na saa, taja njia ya majokofu ya kuku, waambie wahifadhi picha za siku hiyo kuanzia asubuhi, siyo dakika ya kuanguka tu. Za asubuhi ndizo zitaonyesha boksi limekaa hapo kuanzia lini. Nakala yako wagonge muhuri wa kupokea.

Na uliza kama kuna daftari la matukio. Supavaiza huwa anaandika. Kama aliandika "mteja ameanguka, jokofu namba fulani linavuja", basi wamejiandikia wenyewe.

#7 Binti Mzaramo
Asante Zamu ya Usiku, barua inakwenda kesho asubuhi. Stakabadhi ya manunuzi hatuna, mama alianguka kabla hajafika kaunta. Hilo ni tatizo?

#8 Jalada Wazi
Si tatizo. Mteja ni aliyeingia kununua, siyo lazima awe ameshalipa. Picha na mdogo wako kama shahidi vinatosha kuonyesha alikuwepo. Karatasi ya mapokezi hospitali pia, hasa kama daktari aliandika "ameteleza dukani".

#9 Mtu wa Kibaha
Wahini, mwisho ni mwaka mmoja. Ukipita huna chako. Binamu yangu aliwahi kukataliwa.

#10 Ngosha wa Igoma
@Mtu wa Kibaha unachanganya. Sura ya 89, Sheria ya Ukomo, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara kama haya. Miezi 12 ni ya fidia ya kazini, WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi): ajali isipotolewa taarifa ndani ya muda huo, haki inapotea. Binamu yako alianguka kazini?

#11 Mtu wa Kibaha
Ndiyo, kiwandani.

#12 Ngosha wa Igoma
Basi ndiyo hiyo. Nami yamenikuta. Nilikuwa kiwanda cha samaki hapa Mwanza, sakafu pale ni barafu na mafuta ya sangara, na mabuti niliyopewa soli zilikuwa zimekwisha. Nikaanguka, goti likaenda. Mwajiri alitakiwa kutoa taarifa WCF ndani ya siku 7, akawa ananipiga kalenda. Nikaenda ofisi za mfuko mwenyewe na karatasi za hospitali.

Uzuri wa WCF huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Ukiumia ukiwa kazini, inatosha. Matibabu wanalipa, na kipindi huwezi kufanya kazi unapata asilimia 70 ya mshahara. Ukibaki na ulemavu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Mfuko ulianza kazi Julai 2015 na mfanyakazi hakatwi hata senti, anachangia mwajiri. Wengi hawajui, wanakubali bahasha za bosi.

#13 Kisu cha Mgema
Sasa mama wa mleta mada hakuwa kazini. WCF haimhusu.

#14 Ngosha wa Igoma
Sijasema inamhusu. Nimesema kwa faida ya wanaopita hapa. Kuna mfagiaji wa supamaketi hiyo hiyo anaweza kuanguka kesho kwenye maji yale yale, yeye njia yake ni WCF na mama njia yake ni mahakama.

#15 Mvita Mmoja
Salaam kutoka Mombasa. Pole sana dada, Mungu amfanyie wepesi mama. Huku kwetu kuna sheria kabisa, Sura ya 34, inayosema mwenye jengo ana wajibu wa kumlinda kila anayeingia kihalali. Miaka ni 3 vilevile, ila ukiidai serikali ni miezi 12. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake ni ya 2016, inasikiliza mpaka shilingi milioni moja ya Kenya na majeraha ya mwili yametajwa humo. Ingawa mawakili wetu bado wanavutana kama kesi za ajali zinapaswa kwenda pale.

#16 Kisu cha Mgema
Wakenya kwa kushtakiana mko mbali sana.

#17 Mvita Mmoja
Mkiendelea kupokea laki tatu mtabaki hapo hapo ndugu zangu.

#18 Mbeba Boksi Ohio
Nipo Columbus. Najua watu wataandika "Marekani ungekuwa tajiri", tuwekane sawa. Kweli wakili wa ajali hapa hakutozi mwanzo, anachukua sehemu ya malipo, mara nyingi theluthi, na mkishindwa hapati ujira. Lakini theluthi ya mama yako ni hela nyingi. Halafu hapa Ohio mahakama ya juu ilishasema mwaka 2003, kwenye kesi ya Armstrong v. Best Buy, kwamba hatari iliyo wazi na inayoonekana mwenye duka hana wajibu wa kukuonya. Jamaa alijikwaa kwenye kizuizi cha troli mlangoni, akashindwa. Mimi naogopa boksi la mama nalo wataliita hatari iliyo wazi. Lilikuwa kubwa, katikati ya njia, kila mtu analiona.

#19 Jalada Wazi
Hoja nzuri ndugu wa Ohio, na wakili wa duka ataijaribu. Mama aliliona boksi, kwa nini alilikanyaga? Nitamjibu kwamba mtu anayeona katoni chini haoni hatari, anaona mahali walipomwekea apite pakavu. Maji yalikuwa yamefichwa na boksi lenyewe.

Na hapa kwetu hata wakisema mama naye alizembea, mlango haufungwi. Sura ya 310 inaruhusu mahakama kugawa lawama, fidia ikapunguzwa kulingana na sehemu yake. Ndugu Mtazamaji atauliza alivaa nini, nami nauliza mapema: dada, mama alivaa nini miguuni?

#20 Binti Mzaramo
Viatu vya raba vya kufunga, vipya. Tumevitunza, alivyokuwa navyo siku ile.

#21 Mke wa Mwalimu
Viweke kwenye mfuko, usivioshe.

Wakuu, mimi naona swali la hela bado halijajibiwa. Mama ni mpishi wa vitumbua. Mahakama itajuaje alikuwa anapata kiasi gani? Hana mkataba wala hati ya mshahara.

#22 Jalada Wazi
Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza. Fidia ina mafungu mawili. Kuna hasara mahsusi: bili za hospitali, dawa, fremu, nauli za teksi kwenda kliniki, kipato kilichopotea. Hizi lazima uzitaje moja moja kwenye hati ya madai na uzithibitishe kwa ukali. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo kwenye Zuberi Augustino v Anicet Mugabe, 1992. Risiti isipokuwepo, hela hiyo isahau. Fungu la pili ni fidia ya jumla, kwa maumivu na maisha kubadilika. Hiyo anakadiria hakimu. Ndiyo maana kuweka "milioni mia tano" kwenye karatasi hakukusaidii chochote.

Kuhusu vitumbua, mama anaandika oda zake popote?

#23 Binti Mzaramo
Ana daftari. Kila ukurasa jina la mteja, idadi, na tiki akishalipwa. Shule mbili zinachukua kila siku ya kazi. Na wengi wanamlipa kwa simu.

#24 Jalada Wazi
Umeniondolea kazi. Omba taarifa ya miamala ya simu yake kwenye kampuni ya simu, ilingane na daftari. Mtu wa ile shule moja akikubali kuja kuwa shahidi, hiyo kazi imethibitika. Toa na gharama za unga na mafuta, usidai mauzo yote kama faida, hakimu ataliona.

#25 Kisu cha Mgema
Mimi nimeshatamani hivyo vitumbua. Mama akipona tuwekee namba ya oda.

#26 Ndugu Mtazamaji
Mwende Mahakama ya Mwanzo basi, kule ni rahisi na hakuna mawakili wa kuwasumbua.

#27 Jalada Wazi
Hapana. Mahakama ya Mwanzo haisikilizi madai ya uzembe wa aina hii. Anzieni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Na kabla ya kusikilizwa kesi inapitishwa kwenye usuluhishi, nyingi huishia hapo.

#28 Mzee Kilonzi
Wanangu, nimewasoma. Binti, mimi nilipoteza kesi ya kuanguka sokoni. Soko la halmashauri, mtaro haukuwa na mfuniko, nikaingia mguu mzima na kapu la nyanya. Wakili wangu wa kwanza akakimbilia mahakamani. Kesi ikatupwa bila kusikilizwa, kwa sababu ukiishtaki serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na tangu mabadiliko ya 2020 halmashauri nazo zimo, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Kuanza upya nguvu sikuwa nayo. Kwa hiyo aliyeanguka soko la manispaa asiige mambo ya supamaketi binafsi.

Ushauri wangu kwako ni mwingine lakini. Mahakama ni miaka. Mama ana nyonga ya chuma, anahitaji hela ya kliniki sasa. Andikeni barua ya madai nzito, na risiti zote nyuma yake, waitwe mezani. Wakitoa gharama za hospitali zote na miezi ya kazi, chukueni mlale.

#29 Mke wa Mwalimu
Mzee shikamoo. Sikubaliani nawe kidogo. Bila kesi kuwa tayari hawatakaa mezani. Laki tatu ndiyo bei waliyompangia mama mtu mzima wanayedhani hana mtu.

#30 Mzee Kilonzi
Marahaba. Yawezekana. Lakini wewe hujakaa kwenye lile benchi la kusubiri kuitwa.

#31 Mtu wa Kibaha
Mmechukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali? Bila PF3 hakuna kesi.

#32 Zamu ya Usiku
PF3 si ya kupigwa na ajali za barabarani?

#33 Jalada Wazi
PF3 inasaidia kwa sababu inaonyesha tukio liliripotiwa mapema. Lakini kesi ya madai haifi kwa kukosa PF3, taarifa ya daktari ndiyo itakayobeba uzito.

#34 Mtu wa Kibaha
Hospitali nyingine wanakataa kabisa kukuhudumia bila hiyo. Mimi ningeichukua tu.

#35 Amani ya Tabata
Kwa gharama za wakili: nendeni kwenye mashirika ya msaada wa kisheria, LHRC, WLAC au TAWLA, wote wana msaada wa bure kwa wasio na uwezo na wako hapa Dar. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna hata wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa mitaani. Hao hawakuwakilishi mahakamani ila wanakuandikia barua na kukuelekeza. Dada yangu alisaidiwa kesi ya mirathi, hakutoa hata mia.

Halafu kuhusu ile karatasi: kaka yako aelewe kwamba akisaini mama, kuja kuitengua ni kazi.

#36 Ndugu Mtazamaji
Mgonjwa aliyesaini wodini na dawa za maumivu kichwani, hiyo saini si inatenguka tu?

#37 Jalada Wazi
Unaweza kujenga hoja kwamba hakuridhia kwa hiari yake. Lakini utabeba mzigo wa kuthibitisha, na mtoto wake wa kiume alikuwa amesimama pembeni akisema "saini mama". Meneja anaweza kumuita kaka huyo huyo awe shahidi wake. Kama wanataka kutoa pole, waitoe kwa karatasi inayosema "mchango wa matibabu", basi. Hiyo pokeeni.

#38 Binti Mzaramo
Mrejesho wakuu. Kaka kausoma uzi wote, amenyamaza, saini hana tena haja nayo. Barua ya kamera walipokea wakagonga muhuri. Leo wamejibu kupitia wakili wao. Wanasema picha wanazo ila watazitoa kwa amri ya mahakama. Halafu wanasema wao hawahusiki: usafi unafanywa na kampuni nyingine kwa mkataba, na lile jokofu si lao, ni la msambazaji wa kuku, ndiye mwenye jukumu la kulitengeneza. Sasa nimdai nani?

#39 Zamu ya Usiku
La jokofu ni kweli, majokofu mengi yenye nembo ni ya wasambazaji. Tulikuwa tunapiga simu wiki nzima fundi wao haji. Mimi ningembana msambazaji.

#40 Mbeba Boksi Ohio
Mimi ningebana kampuni ya usafi, mtu wao ndiye aliyetandika boksi. Ila muulizeni kwanza mdogo wenu sare ya aliyetandika ilikuwa rangi gani.

#41 Mke wa Mwalimu
Mama hakwenda kwa msambazaji wala kwa kampuni ya usafi. Aliingia kwenye duka lenye jina lao juu ya mlango. Mikataba yao ya ndani yeye inamhusu nini?

#42 Jalada Wazi
Nipo upande wa Mke wa Mwalimu, ila siwezi kuapa kwamba hakimu ataona hivyo. Kuna hukumu zinazomwachia mkandarasi lawama kama aliajiriwa kwa uangalifu na kazi ilihitaji ujuzi wake. Kupangusa maji hakuhitaji ujuzi huo. Njia salama ni kuwadai wote watatu kwenye hati moja, wabishane wenyewe nani alimwachia nani.

#43 Mzee Kilonzi
Na wadaiwa watatu ni mawakili watatu, kila mmoja na ahirisho lake. Mimi ningemdai mmoja, mwenye duka, yeye ndiye awavute wenzake akitaka.

#44 Binti Mzaramo
Jumatatu nina miadi na watu wa msaada wa kisheria, nabeba daftari la oda, picha na hayo majibu yao. Nitawauliza hilo la mmoja au watatu kisha nitarudi. Mdogo wangu anasema sare ilikuwa ya bluu, ya supamaketi ni nyekundu.

#45 Mbeba Boksi Ohio
Bluu? Basi waambie kampuni ya usafi isiachwe nje.

#46 Zamu ya Usiku
Angalia na walinzi, wengine wanavaa bluu. Walinzi huwa tunawatuma mambo kama hayo.